Kuisoma Bangili ya Taxco

Kwa miaka mingi niliwaonya walimu-wanafunzi wangu kwamba kitabu hakihakikiwi kwa jalada lake. Niliyasema hayo kwa sauti ya mtu ambaye kosa hilo haliwezi kumpata. Mpwa wangu, binti wa marehemu dada yangu, aliponijia na bangili ya fedha aliyoifunga ndani ya kipande cha kanga, ndipo nilipopata nafasi ya kusahihishwa mimi.

Aliniamkia, akakaa, akanieleza shida yake bila kuzunguka. Mwanawe alikuwa amebakiza mwaka mmoja wa masomo ya uuguzi na ada ilikuwa imepelea. Bangili aliirithi kwa mama yake, na mama yake alipewa na mwalimu wake Mmarekani, mmoja wa wale waliokuja kufundisha katika mpango wa Teachers for East Africa ulioanza mwaka 1961. Alikuwa amekwisha kuipeleka kwa sonara. Sonara aliipima, akataja bei ya fedha kwa gramu, kisha akataka kuitia tupa upande wa ndani ili aone madini yaliyo chini. Mpwa wangu akaichukua akaondoka.

"Mjomba," akaniambia, "mimi sijui ni kitu gani hiki. Lakini nimeona mtu asiikwangue kabla sijajua kilichoandikwa."

Mumewe alikuwa na habari nyingine kabisa. Alikuwa amepata kusikia kwamba vito vya fedha vya William Spratling wa Mexico huuzwa kwa bei kubwa katika minada ya Marekani, na ndani ya bangili ile aliziona kwa macho yake herufi WS. Kwa hiyo walinijia na bei mbili, ya sonara na ya mume, na baina ya bei hizo kulikuwa na tofauti ya ada yote na zaidi.

Nami badala ya kusema sijui, nikasema. Bangili ilikuwa na vipande saba vilivyounganishwa kwa bawaba ndogo. Juu ya kila kipande palikuwa na umbo la ngazi linalojiviringisha, na kando yake kichwa cha ndege chenye jicho la duara, vyote vimeinuka na mabonde yake yamejaa weusi. Nikatamka kuwa ni kitu cha kale mno, cha miaka mia mbili au zaidi, kwa sababu michoro ile ilifanana na nakshi za mahekalu ya Mexico nilizoziona vitabuni. Kisha, kwa kuwa weusi ule niliuona ni uchafu, nikaomba ndimu na jivu nikaanza kuisugua kama mama yangu alivyosugua vikuku vyake. Kipande kimoja kikang'aa kama kijiko kipya. Nilipokilinganisha na vile sita vingine nikaona nimekiua. Ndege hakuwa na jicho tena. Palibaki kidoti ndani ya mng'ao.

Weusi ule si uchafu. Mafundi wa huko huutia kwa makusudi, kwa dawa yenye salfa inayoigeuza fedha kuwa nyeusi juu juu, halafu husugua sehemu zilizoinuka na kuacha mabonde na giza lake. Ni kama wino katika maandishi. Anayetaka kuuza kitu cha namna hii na aanze kwa kuacha kukisafisha. Vumbi lipanguswe kwa kitambaa laini, basi. Mnunuzi anayejua anataka kuona giza hilo jinsi fundi alivyoliacha, na mnunuzi asiyejua atasugua mwenyewe akipenda.

Kosa langu la pili lilikuwa kubwa kuliko la kwanza, maana lilihusu kusoma. Niliichukua sura ya kale nikaifanya tarehe. Mtu anayejua ushairi wetu hangekosa hivyo: utenzi unaweza kuwa umetungwa juzi, na vina na mizani yake ikawa ya karne tatu zilizopita. Sura ile ya kale ya vito vya Mexico ni mtindo wa karne ya 20. Ulienea hasa katika miaka ya 1930 na 1940, wasanii walipokuwa wakichota michoro kutoka mihuri ya udongo, sanamu za mawe na nakshi za majengo ya watu waliokaa nchi ile kabla ya Wahispania. Kitu kikionekana cha Kiazteki sana, ndipo uwezekano unapozidi kuwa kilitengenezwa enzi za magari na watalii.

Taxco ni mji wa milimani katika jimbo la Guerrero, kusini-magharibi ya jiji la Mexico. Wahispania walichimba fedha huko tangu karne ya 16, na katikati ya karne ya 18 tajiri wa machimbo, José de la Borda, akagharimia kanisa la Santa Prisca, ambalo minara yake miwili mpaka leo ndiyo alama ya mji. Lakini kuchimba fedha si kuifua. Msomaji aliyepata kufika Mwadui au Geita hahitaji nimweleze jinsi utajiri unavyoweza kutoka ardhini na kupita mlangoni kwa mtu bila kubisha hodi.

Spratling, aliyezaliwa mwaka 1900, alikuwa mwalimu wa usanifu wa majengo katika Chuo Kikuu cha Tulane, New Orleans. Alihamia Taxco mwaka 1929, miaka miwili baada ya kufunguliwa barabara ya magari kutoka jiji la Mexico kwenda Acapulco, ambayo ilipitia hapo na kuleta wageni. Mwaka 1931 alifungua karakana, akamleta fundi wa dhahabu aitwaye Artemio Navarrete kutoka Iguala, mji ulio jirani. Spratling alichora. Navarrete, na vijana waliojifunza kwake, ndio walioyeyusha, wakafua na kutia lehemu.

Waandishi wengi humwita Spratling baba wa fedha ya Mexico. Kipaji chake sikipingi. Kazi zake bora ni nzito mkononi, zina mistari michache, na zinaacha nafasi tupu bila woga. Tena alithubutu kuitia fedha pamoja na mbao, amethisto na lile jiwe jeusi la volkano liitwalo obsidiani, vitu vya nchi ile ile. Lakini neno "baba" linanikera. Mmarekani mwingine, Frederick Davis, alikuwa akiuza vito vya namna hiyo katika jiji la Mexico kabla yake, katika miaka ya 1920. Na mikono iliyofua ilikuwa ya Wamexico tangu siku ya kwanza. Kama ningeulizwa mimi ningemwita mwalimu mkuu, na nadhani hilo ni jina la heshima zaidi, kwa sababu karakana yake ilikuwa chuo. Mwalimu hapimwi kwa wanafunzi wanaomwiga, hupimwa kwa wale wanaotoka kwake wakafanya mambo yao.

Na walitoka. Héctor Aguilar, aliyekuwa meneja wake, alifungua Taller Borda mwaka 1939. Mwaka huo huo ndugu wa familia ya Castillo, nao waliopitia kwa Spratling, walianzisha Los Castillo. Hao wakapata sifa kwa kile walichokiita metali zilizooana: fedha, shaba nyekundu na shaba ya njano zimelazwa bega kwa bega katika uso mmoja, hakuna inayoifunika nyenzake. Margot van Voorhies, aliyekuwa mke wa Antonio Castillo, alifungua duka lake mwaka 1948 na kujulikana kwa vito vilivyotiwa rangi ya enameli. Antonio Pineda, aliyezaliwa mwaka 1919 na kufariki 2009, alikwenda mbali kuliko wote kwa macho yangu. Yeye aliyaacha mahekalu. Vito vyake ni laini, vimepinda kama vinavyoufuata mwili, na mawe yake yamekaa kama yaliyoota hapo. Nimeviona pichani tu, hivyo msomaji aipokee hukumu yangu kwa kiasi hicho.

Nimekaa kidogo kwenye majina haya kwa sababu soko nalo hukaa hapo, ila kwa njia yake. Soko halisomi kazi, linasoma jina. Nakumbuka wanafunzi waliojua kwamba kitabu ni cha Shaaban Robert, basi wakajaza kurasa nne za sifa bila kufungua kitabu. Orodha za alama wanazopewa wauzaji zina manufaa makubwa, nami nimezitumia, lakini zinamfundisha mtu tabia hiyo hiyo: geuza kitu, tafuta herufi, soma bei. Upande wa mbele hauulizwi neno.

Tuje basi kwenye chapa, maana haziepukiki. Kwanza ni zile za madini. Namba 925 maana yake ni sehemu 925 za fedha safi katika kila 1000, zilizobaki kwa kawaida ni shaba ya kuipa ugumu. Neno "sterling" lina maana hiyo hiyo. Baadhi ya karakana zilizidi kiwango hicho na kujivunia: Aguilar alitumia 940, Pineda 970, na Spratling mara nyingine 980. Namba hizi hazisemi mwaka. Neno "alpaca", kwa upande mwingine, ni onyo. Alpaka ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki, weupe wake ni wa kufanana tu, hamna fedha ndani hata chembe.

Pili ni chapa ya nchi. Sheria ya Marekani ya mwaka 1890 ilidai bidhaa za kigeni ziandikwe zilikotoka, ndiyo maana vitu vilivyokusudiwa soko hilo vina neno "Mexico" au "Made in Mexico" au, kwa Kihispania, "Hecho en México".

Tatu ni tai. Kuanzia takriban mwaka 1948 serikali ya Mexico iliweka chapa ya tai mdogo kama dhamana ya ubora wa fedha, akiwa na namba kifuani. Watu huidhania namba hiyo ni mwaka au daraja. Sivyo, kwa kawaida ilihusu mahali, 1 likiwa jiji la Mexico na 3 likiwa Taxco. Tai huyo aliondolewa mwishoni mwa miaka ya 1970, na mahali pake pakaja usajili wa herufi mbili na namba: herufi ya kwanza ni ya mji, ya pili ni ya jina la fundi, kisha kistari na namba yake. Kwa hiyo bangili yenye tai haiwezi kuwa ya 1935, na yenye herufi mbili, kistari na namba haiwezi kuwa ya 1960, hata muuzaji aape.

Yetu ilikuwa na tai mwenye 3. Miaka yangu mia mbili ikaanguka kwa pigo moja, na mpwa wangu kwa adabu yake akainama kutazama chai.

Ndipo tukazigeukia zile herufi. Zilikuwa zimelika kwa kuvaliwa. Mume alizisoma WS, na kweli, kwa jinsi alivyoishika bangili, zilisomeka hivyo. Nikachukua kioo cha kukuzia nikamtafuta tai kwanza. Tai alikuwa kichwa chini. Maneno "Hecho en México" nayo yalikuwa kichwa chini. Nikaigeuza bangili ili tai asimame kama ndege anayejiheshimu, na yale maneno yakasomeka sawasawa, na herufi zetu mbili zikawa SM.

Ijaribu mwenyewe kwenye karatasi, msomaji. Andika WS, geuza karatasi juu chini.

Mume hakufurahi. Alisema fundi anaweza kupiga chapa yake kichwa chini kwa haraka, jambo ambalo ni kweli. Nikamwonyesha kwamba katika chapa za Spratling zilizochorwa vitabuni W na S zimeshikana, moja ya sehemu ya nyenzake, na hizi zetu zimeachana kwa upana wa punje ya mtama. Isitoshe, hata zingekuwa WS, zisingetosha. Spratling alipoteza mamlaka juu ya kampuni yake katikati ya miaka ya 1940, akaanza upya shambani kwake Taxco el Viejo, akafa kwa ajali ya gari mwaka 1967. Biashara ikanunuliwa na wengine wakaendelea kutoa kazi kwa michoro yake na jina lake. Tena ziko za kughushi. Chapa iliyopigwa kwa nyundo ina kingo kali. Iliyomiminwa pamoja na kipande, yaani mtu amechukua kito halisi akakifanyia kalibu, hutoka na kingo zilizolegea kama nakala ya tatu ya karatasi ya kaboni. Zetu zilikuwa zimelika, lakini ndani kabisa ya mikato ukali wake ulikuwapo. Alikuwa SM wa kweli, fundi mmojawapo katika mji uliojaa karakana.

Lilibaki swali la sonara: je, ni fedha? Sonara hakuwa na hila kutaka kukwangua, maana vitu vilivyopakwa fedha juu ni vingi na tone la asidi ya nitriki hudanganywa na ngozi ya juu. Lakini ziko njia zisizojeruhi, na moja tuliifundisha sote kidato cha pili. Nilikwenda shule ya sekondari iliyo jirani, nikaomba mizani ya maabara. Bangili ilikuwa gramu 62. Tukaifunga kwa uzi mwembamba, tukaining'iniza kwenye mkono wa mizani huku imezama katika bilauri ya maji, tukaitikisa viputo vitoke, na uzito ukapungua kwa gramu 6. Gawanya 62 kwa 6, unapata 10.3. Fedha ya 925 ina densiti ya karibu 10.4, alpaka haifiki 9. Archimedes angetosheka. Njia hii haifai kwa kito chenye mawe, wala kilicho na uvungu uliozibwa, lakini chetu kilikuwa madini matupu. Vijana wa maabara walifurahi kuliko mimi.

Kuhusu tarehe tulikuwa tumefika kati ya 1948 na mwisho wa miaka ya 1970, na nilidhani hapo ndipo mwisho. Mpwa wangu ndiye aliyelikamilisha. Alirudi wiki iliyofuata na picha ya mama yake akiwa mwanafunzi, amesimama na yule mwalimu mbele ya bweni. Kwenye mkono wa mwalimu kuna bangili, na ngazi zake zinaonekana waziwazi. Nyuma ya picha, kwa mwandiko wa dada yangu, limeandikwa neno "Agosti 1964". Hakuna orodha ya alama duniani iliyo na habari hiyo. Tangu hapo kila anayeniuliza habari za vitu vya kale namwambia atafute picha, barua na bahasha kabla ya kutafuta mnunuzi, kwa sababu kitu kikishauzwa karatasi zake hutupwa.

Sasa bangili ilikuwa na umri: kati ya 1948 na 1964. Ilikuwa na mji, na kiwango cha madini. Haikuwa na jina kubwa. Mume akapendekeza jambo ambalo limenikaa moyoni. "Mzee," alisema, "sisi tusiseme uongo. Tuipige picha ikiwa imegeuzwa hivi, herufi zisomeke zenyewe. Mnunuzi ana macho yake."

Sikumjibu upesi. Ningekuwa mwongo mimi nikisema sikulifikiria. Mtoto alikuwa na mwaka mmoja tu, na upande wa pili alikuwapo tajiri asiyejulikana, ambaye fedha hiyo asingeiona hata ikipungua. Nilijua pia kwamba mimi mwenyewe, siku ya kwanza, nilikwisha kutamka karne mbili bila kufungua macho, na hakuna aliyeniita mwongo. Nilichomwambia ni kwamba atakayeinunua kwa jina la Spratling ataigeuza siku moja, na siku hiyo hataona tena bangili, ataona kwamba aliibiwa. Kazi ya SM, ambayo ni nzuri, itatupwa kwa kosa la kutokuwa ya mtu mwingine.

Maana ni nzuri. Nilichelewa kuitazama kwa sababu ya herufi. Ngazi zile hazikupigwa kwa kalibu moja. Ukizifuata kwa kidole, kipande hadi kipande, pembe zake zinatofautiana kidogo, na ndege wa kipande cha tatu ameinamisha kichwa kuliko wenzake. Bawaba zinapinda bila kulia, na ulimi wa kufungia unaingia kwenye kisanduku chake kwa mlio mmoja mfupi. Mchoro wenyewe si mpya, SM aliukuta mjini kama watungaji wetu wanavyozikuta bahari za shairi, lakini aliukata kwa mkono usio na haraka. Ningempa alama za juu, si za juu kabisa.

Mpwa wangu alikuwa amekaa kimya muda wote. Akaomba kalamu na karatasi, akaandika maelezo ya kuuzia kwa mkono wake, akanipa nisahihishe. Aliandika: bangili ya fedha, Taxco, Mexico, vipande saba, gramu 62, chapa ya tai 3 na herufi SM, fundi hajatambuliwa, ilitengenezwa kati ya 1948 na 1964, picha ipo, kipande cha nne kimesuguliwa na kupoteza weusi wake. Nikamwambia imekaa vizuri. Akaniangalia, akaichukua tena karatasi, na mwishoni akaongeza maneno mawili: "na mjomba."

Iliuzwa baada ya miezi mitano, kwa mama mmoja anayekusanya vitu vya namna hiyo. Bei ilizidi ya sonara karibu mara tatu, haikuikaribia ile ya mume, na ada ilibaki na pengo ambalo tulilijaza kwa mchango wa ndugu. Yale maneno mawili ya mwisho mnunuzi aliuliza maana yake, na mpwa wangu akamweleza yote, mpaka ndimu.